Kucha ishirini za Karafuu: shajara ya kuwakata fereti kucha nyumbani

Oktoba 5

Lengo la mradi ni hili: Karafuu na Tui wakatwe kucha hapa hapa nyumbani Leeds, Uingereza, mkataji niwe mimi, pasitoke damu, na asiwepo mtu wa kuwaning'iniza kwa ngozi ya shingo. Hadi mwezi uliopita tulikuwa tunawapeleka kliniki ya mifugo. Muuguzi mmoja anamwinua fereti kwa ngozi ya kisogo, mwenzake anakata, na kabla hujakaa vizuri kwenye kiti kazi imekwisha. Sina neno baya juu yao, kazi wanaijua. Ila Karafuu siku hizi akiliona tu boksi la safari anaingia nyuma ya mashine ya kufulia, na Tui, ambaye ni mzee, akirudi kutoka huko hagusi chakula mpaka usiku. Kucha zinataka kukatwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Hofu ya namna hiyo, kila baada ya wiki mbili au tatu, mwaka mzima, ni nyingi mno kwa kiumbe cha gramu 800.

Kwa ambaye hajawahi kumwona: fereti ni mnyama mrefu mwembamba mwenye miguu mifupi, wa ukoo mmoja na kicheche wetu na nyegere. Asili yake ni kicheche wa porini wa Ulaya, na binadamu wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2,000, hasa kwa kazi ya kuwatoa sungura mashimoni. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika juu ya wanyama hawa waliotoka Libya wakatumiwa kuwinda sungura huko Hispania: walifungwa mdomo, wakaachiwa waingie shimoni, nao wakawavuta sungura nje kwa kucha. Mdomo umefungwa, kucha zimeachwa huru. Ndicho chombo chao cha kazi. Haziingii ndani kama za paka, ziko nje saa zote, tano kila mguu, zimeumbwa kuchimba. Porini udongo na mawe huzisaga. Sebuleni kwangu kuna zulia, na zulia halisagi ukucha, linaunasa.

Karafuu ni jike wa miaka miwili, mwenye manyoya ya rangi ya karafuu iliyoanikwa na uso mweusi machoni. Tui ni dume mweupe pe, macho mekundu, anakaribia miaka saba, na kwa fereti huo ni uzee. Wote wawili tuliwachukua kwenye kituo kinachopokea fereti waliotelekezwa. Mama yangu kule Tanga kila nikimpigia simu anauliza kama nimekwisha kuwatoa ndani ya nyumba hao vicheche, maana kwake kicheche ana kazi moja tu duniani, kuiba kuku. Namwambia bado, mama, na wanakusalimu.

Oktoba 7

Vifaa vimekamilika. Mkasi mdogo wa kucha za paka, ule ambao meno yake yamechongwa nusu duara yakaukumbatia ukucha kwa pande zote. Nilijaribu kushika kikata kucha cha watoto wachanga pia. Kinafaa, ila kwangu mkasi unaonyesha vizuri ninapokata. Unga wa kuzuia damu unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya wanyama, na pembeni yake kisahani cha wanga wa mahindi kama akiba. Pamba. Taulo. Tochi ndogo. Mafuta ya samoni kwenye chupa ya kudondoshea.

Kuhusu mafuta, jambo moja la kuangaliwa. Mafuta ya mwili wa samaki na mafuta ya ini la samaki ni vitu viwili tofauti. Ya ini yamejaa vitamini A na D, na mnyama mdogo akipewa mara kwa mara hizo vitamini humrundikia mwilini zikamdhuru. Nimechukua ya samoni. Dawa tamu za kulamba, zile za rangi ya asali zinazouzwa kwa paka na fereti, sizitaki kabisa. Fereti ni mla nyama mtupu, na uzeeni kongosho lake huota uvimbe unaomwaga insulini ovyo mpaka sukari ya damu inaporomoka. Ni ugonjwa wa kawaida mno kwao. Kumzawadia sukari mnyama wa namna hii sioni maana yake.

Oktoba 8

Usiku, Karafuu amelala. Fereti hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, na usingizi wao ni mzito kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani amekufa. Nimeutumia usingizi huo kumtazama kucha kwa tochi bila kumgusa sana, nikiwa nimeweka mwanga nyuma ya mguu.

Ukucha wa fereti kwa kawaida unapitisha mwanga, na hiyo ni rehema kwa mkataji. Ndani yake unaona uzi mwekundu unaoanzia kwenye kidole na kukoma kabla ya ncha, kama kipande cha mshumaa chenye utambi mwekundu. Huo uzi una damu na neva. Mbele yake kuna sehemu nyeupe iliyopinda isiyo na uhai, na hapo ndipo mkasi unapotakiwa kupita, milimita mbili hivi mbele ya uzi, kamwe si karibu zaidi. Anayeacha milimita tatu hajakosea. Ukucha uliobaki mrefu kidogo utakatwa tena wiki mbili zijazo. Uliokatwa mno unamfundisha mnyama kwamba mkasi ni maumivu, na somo hilo halifutiki upesi.

Kucha za mbele za Karafuu ni ndefu, nyembamba, zimepinda kama ndoana. Za nyuma ni fupi na nene zaidi, na uzi mwekundu unakaribia ncha. Maana yake za nyuma zinadai uangalifu zaidi huku zikiwa na kidogo cha kukatwa. Ukucha wa ndani wa mguu wa mbele, wa kidole gumba, hausugui chini vizuri hivyo ndio ulioenda mbali kuliko yote. Nimeanza kuuita namba moja kwenye orodha yangu ya kichwani.

Oktoba 9 hadi 14

Hakuna mkasi wiki hii. Mkasi uko mezani, wanaunusa, wanapita.

Kazi ni mafuta. Siku ya kwanza matone mawili kwenye kijiko. Karafuu alilamba, akainua kichwa, akatafuta mengine. Tui alilamba kijiko mpaka kikang'aa. Kesho yake nikamkalisha Karafuu mapajani, nikamlaza chali, nikadondosha tone kwenye manyoya ya tumbo, chini kidogo ya kitovu. Hapa ndipo penye siri ya wafugaji wengi wa fereti: mnyama akijikunja kulamba tumbo lake, miguu yote minne inabaki hewani, wazi, na akili yake yote iko kwenye ulimi. Hakuna aliyemshika. Yuko hapo kwa hiari yake.

Tone likiisha, anaondoka. Simzuii. Nataka ajue kwamba mlango uko wazi, maana fereti anayejua anaweza kuondoka hukaa muda mrefu kuliko anayebanwa.

Kuanzia siku ya tatu, anapolamba, namgusa nyayo. Kwanza kidole changu kinapita tu. Halafu namshika mguu wa mbele kwa vidole viwili, nahesabu moja, naachia. Halafu nabonyeza taratibu ili ukucha utokeze. Karafuu aliuvuta mguu mara chache, nami nikauachia kila alipouvuta. Kwa siku mbili za mwisho hauvuti tena.

Kijana wangu ndiye msimamizi wa chupa ya mafuta. Nilimweleza: tone moja tu kwa wakati mmoja, na lisikauke kabla sijamaliza. "Mama, amebakiza kidogo." Haya baba, ongeza.

Oktoba 15

Sauti. Mkasi unapofunga unalia kwa ukali, na masikio ya fereti yako karibu sana na mapaja yangu. Nimechukua tambi kavu jikoni na kuzikata moja moja karibu na Karafuu akiwa analamba. Mara ya kwanza aliruka. Nikasogea mbali, nikakata nyingine upande wa pili wa chumba huku kijana akimpa mafuta, nikawa nasogea kidogo kidogo. Kufika jioni, tambi inakatwa karibu na sikio lake na ulimi hausimami.

Tui hakushtuka hata kidogo. Nikapiga makofi nyuma yake, hakugeuka. Nadhani uzee umemchukua masikio, na ni jambo la kumwambia daktari. Kwa kazi hii ina maana moja: Tui asiguswe kwa ghafla. Lazima anione au anuse mkono wangu kwanza, kila mara.

Oktoba 18

Kazini mwenzangu mmoja, kwa nia njema, ameniuliza kwa nini nisimwombe daktari azing'oe tu kucha zenyewe mara moja ikaisha. Nimemjibu kwa urefu, pengine kuliko alivyotarajia. Kung'oa ukucha wa mnyama wa jamii hii ni kukata pingili ya mwisho ya kidole, mfupa wenyewe. Fereti hutumia kucha kushika ardhi anapokimbia, kupanda, kujikuna. Hapa Uingereza haifanyiki: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inakataza kumkata mnyama viungo isipokuwa kwa sababu za tiba na mambo machache yaliyotajwa, na urahisi wa mwenye nyumba haumo. Hata kama ingeruhusiwa, nisingeifanya.

Oktoba 19

Kata ya kwanza.

Nilingoja jioni, baada ya mchezo wao. Fereti aliyetoka kuamka ana nguvu za kuchimba sakafu; aliyekwisha kukimbia nyumba nzima, akacheza ile ngoma yao ya kurukaruka kinyumenyume na mgongo umepinda, akala, huyo ndiye wa kukata kucha. Nilikaa chini sakafuni badala ya kiti, ili akiteleza asianguke. Taulo mapajani. Taa ya meza upande wa kushoto, mbele ya mguu, sio nyuma ya bega langu ambapo kivuli cha mkono wangu mwenyewe kingenifunika.

Tone la kwanza. Karafuu akajikunja. Mguu wa mbele wa kulia mkononi mwangu, ukucha wa kidole gumba, namba moja. Nikautafuta uzi mwekundu, nikauona, nikaweka mkasi mbele yake nikiwa nimeulaza ili ukucha uliokatwa ukae sambamba na sakafu anaposimama, siyo mkato wa kwenda juu unaoacha mdomo mkali. Nikakata ncha. Kipande kidogo kama kucha ya mwezi kikarukia taulo. Ulimi haukusimama.

Nikakata wa pili, wa tatu. Wa tatu alisita, akanusa mkasi, akarudi tumboni. Nikaacha. Kijana akashangaa: bado mbili kwenye mguu ule. Nimemwambia tunamaliza angali anataka zaidi. Kucha tatu leo zinanipa kucha tano kesho. Kucha tano leo kwa kulazimisha zingenipa fereti nyuma ya mashine ya kufulia.

Hili ndilo ninaloliamini zaidi katika kazi nzima, na ningependa kila anayefuga fereti alishike: hakuna kanuni inayosema kucha ishirini zikatwe kikao kimoja. Kliniki inabidi, maana umelipia na foleni inangoja. Nyumbani hakuna foleni.

Oktoba 20 hadi 23

Mbele kumekwisha, kulia na kushoto. Nyuma bado.

Oktoba 24

Damu, na mkasi haukuhusika. Karafuu alikuwa anakimbia ngazini, ukucha wa mguu wa nyuma, ambao zamu yake ilikuwa haijafika, ukanasa kwenye vitanzi vya zulia. Akajivuta kwa nguvu. Ukucha ulipasuka hadi kwenye uzi mwekundu, na matone yakamfuata mpaka jikoni.

Kwa kuwa kisahani kilikuwa tayari, ilikuwa kazi ya dakika chache. Nilimfunga kwenye taulo kichwa kikiwa nje, nikabonyeza pamba kwenye ncha bila kuifungua kila mara kutazama (ukifungua unabandua damu iliyoanza kuganda), halafu nikachovya ukucha kwenye wanga wa mahindi na kubonyeza tena. Wanga nimeuchagua kabla ya ule unga wa dukani kwa sababu unga ule unawasha kwenye kidonda, na damu yenyewe haikuwa ya kutisha. Ingeendelea kupita dakika kumi ningeenda kwa daktari. Haikuendelea. Usiku ule tukaondoa taulo zenye vitanzi na kuweka shuka za pamba laini kwenye tundu lao, asiunase tena.

Kijana aliuliza kama tumpe nusu kidonge cha maumivu. Hapana, na niandike hapa kwa herufi ambazo hazitafutika: parasetamo na ibuprofeni, dawa za kawaida kabisa za binadamu, ni sumu kwa fereti. Ini lao haliwezi kuishughulikia parasetamo ipasavyo, sawa na la paka. Dawa ya maumivu ya fereti hutoka kwa daktari wa mifugo tu.

Kesho yake daktari aliutazama mguu, akasafisha, akasema ukucha utaota tena. Akaniambia nisiguse mguu huo mpaka upone.

Oktoba 26

Jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyekulia kijijini huku Yorkshire, alikuja kumwona mgonjwa. Alipokuwa kijana alifuga fereti wa kuwinda sungura. Kijana wangu anamwita babu, naye ameridhika nalo. Nilimwomba anionyeshe wao walivyokuwa wanashika.

Akamwinua Tui kwa mkono mmoja chini ya kifua, kidole gumba kikizunguka bega moja na shahada ikiwa mbele ya bega la pili, mkono mwingine chini ya makalio ili uzito wote usining'inie. Tui akalegea kama aliyezoea. Akaniambia fereti wake hawakuwahi kukatwa kucha. Waliishi kwenye banda lenye sakafu ya mawe, walichimba msimu mzima. Fereti wa kazi akikatwa kucha mno hawezi kujishika ndani ya shimo. Kwa hiyo akanionya nisizifanye butu kabisa hata kama wangu ni wa sebuleni.

Tukazungumza juu ya kushika ngozi ya kisogo. Yeye haoni ubaya, na nimemsikiliza. Mama fereti hubeba watoto wake hivyo hivyo kwa meno, na fereti mzima akishikwa hapo hupiga miayo na kulegea. Ni kweli, kuna wakati haina mbadala: mnyama ameumia, anang'ata, kuna damu. Ninachokataa ni kuifanya ndiyo njia ya kila wiki mbili. Kulegea kule si utulivu. Fereti aliyeshikwa anangoja kuachiwa, hajifunzi lolote juu ya mkasi. Na Tui, kwa uzee wake na miguu yake, sitaki aning'inizwe kabisa.

Mzee akatikisa kichwa, akasema basi tuwape mahali pa kuchimba. Kesho yake akaleta bamba la zege la bustani. Tumeliweka chini ya chupa yao ya maji ili wakanyage kila wanapokunywa, na sanduku kubwa la plastiki tumelijaza udongo. Karafuu alihamia ndani ya sanduku mara moja. Zulia limeanza kuwa na udongo na mimi nimekubali.

Oktoba 30

Nimeshikwa na homa ya mafua. Kazi imesimama, na kijana ndiye anayewalisha, mimi siwakaribii. Fereti huambukizwa mafua yetu ya binadamu, na hupiga chafya na kupata homa kama sisi. Ndiyo sababu wametumika sana katika utafiti: mwaka 1933 Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walivipata virusi vya mafua ya binadamu kwa mara ya kwanza kwa kuwaambukiza fereti, huko London. Nimefikiria habari hiyo leo kitandani. Tunawadai shukrani kubwa wanyama hawa, na kidogo ninachoweza ni kuwaepusha na kikohozi changu.

Novemba 6

Nimepona, tumerudi. Sasa ni zamu ya Tui, na kwake mambo ni tofauti.

Kucha zake ni nene, zimepauka rangi ya njano kidogo, na ni kavu. Ukucha mkavu hupasuka kwa urefu ukikatwa na meno yasiyo makali. Kwa hiyo kwake nakata vipande vidogo sana, mara mbili au tatu kwa ukucha mmoja, na namalizia kwa tupa ya kucha ya kioo kuondoa makali. Siku moja kabla nilimpaka mafuta kidogo kwenye kucha zenyewe na kwenye nyama laini za nyayo.

Hapo hapo nakagua nyayo. Hii ni faida ya kumshika mguu mnyama wako mwenyewe: unauona kila baada ya siku chache. Nyayo zikianza kuwa ngumu, nene na kupasuka, pamoja na macho na pua kutoa uchafu, hiyo inaweza kuwa dalili ya distempa, ule ugonjwa wa virusi vya mbwa ambao fereti wasiochanjwa hawaponi, huwaua. Wangu wamechanjwa. Nyayo za Tui ni laini, za waridi.

Kulala chali hataki. Miguu yake ya nyuma ni dhaifu na akilazwa hivyo anahangaika. Nikajaribu njia nyingine: anasimama mezani juu ya taulo, mafuta yako kwenye kijiko alichoshikilia kijana mbele ya pua yake, mimi niko nyuma naye ananinusa kwanza, halafu nakunja mguu mmoja kwenda nyuma, kama wa farasi anapopigiliwa kiatu cha chuma kwatoni, nautazama ukucha kwa chini. Akasimama kwa miguu mitatu akilamba. Kucha mbili. Pumziko. Kucha mbili nyingine.

Novemba 10

Daktari amempima Tui damu kwa sababu ya ile miguu ya nyuma. Sukari iko chini ya inavyotakiwa. Ameanza dawa, na chakula cha nyama mara nyingi kwa siku, asikae na njaa. Kwa mradi huu maana yake: hakuna kukata kucha kabla hajala, na vikao vyake viwe vifupi zaidi. Akionekana kulegea, kutazama mbali au kudondosha mate, kazi inaachwa na daktari anapigiwa simu.

Nimehuzunika, siwezi kuficha. Lakini nimefurahi kwamba tuliiona mapema, na tuliiona kwa sababu tulikuwa tunamshika miguu.

Novemba 16

Karafuu, kucha zote. Mbele kumi zilikatwa kwa mara ya pili, nyuma tisa kwa mara ya kwanza hapa nyumbani, na ule uliopasuka umeachwa kwa kuwa mpya ndio kwanza unachomoza. Hakuna damu, hakuna mtu aliyemshika shingo. Kwenye za nyuma nilikata ncha tu, ukubwa wa punje ya sukari, kwa sababu ya ule uzi mwekundu uliosogea mbele. Alipomaliza tone la mwisho hakuondoka, alibaki mapajani akinilamba kidole chenye mafuta, kisha akatoa ile sauti yao ya kukoroma kwa furaha, kama kuku anayeita vifaranga, na kukimbilia sanduku la udongo.

Tui amekatwa za mbele leo, za nyuma tutagawa kwa siku mbili.

Masikio na kuoga hatuchanganyi na siku ya kucha. Fereti wengi huchukia kusafishwa masikio, na sitaki chuki hiyo ihamie kwenye mkasi.

Novemba 23

Mambo niliyobadilisha baada ya kuona yanavyokwenda.

Mafuta nimepunguza. Tone moja dogo kila baada ya ukucha linatosha Karafuu sasa. Zamani alihitaji tone kwa kila mguso. Mafuta mengi huwaharisha. Kijana amepewa mkasi kwa mara ya kwanza, akakata kucha mbili za mbele za Karafuu mimi nikiwa nimeshika tochi. Mkono wake ni mtulivu kuliko wangu. Alisimama kabla ya kukata, akauliza, "Mama, huu mwekundu unaishia hapa?" Ndipo nilipojua anaweza, kwa lile swali.

Mkasi umeanza kubana ukucha badala ya kuukata. Nimeagiza mwingine. Huu wa zamani utabaki wa kukatia tambi, kwa fereti mwingine atakayekuja.

Bamba la zege linafanya kazi. Kucha za mbele za Karafuu zimerefuka pole pole kuliko Oktoba, ingawa ule wa kidole gumba haufiki chini na bado unadai mkasi.

Ratiba ya Desemba: Karafuu kila Jumapili ya pili, kikao kimoja akikubali. Tui kucha nne kila Jumapili baada ya kula, mezani, kwa kijiko. Ukucha wa Karafuu uliopasuka kukaguliwa kila wiki mpaka ulingane na wenzake. Daktari tarehe 8 kwa kipimo kingine cha sukari cha Tui; kumuuliza pia juu ya masikio yake.